Jina la Mtoto Halihitaji Kibali cha Kampuni

Katika msimu wa likizo wa mwaka 2024, mama mmoja nchini Uingereza alimwombea pasipoti binti yake wa miaka sita, aitwaye Khaleesi, cheo cha malkia wa kubuni katika tamthilia ya Game of Thrones. Ofisi ya Pasipoti ilimjibu kwamba jina hilo ni alama ya biashara inayomilikiwa na Warner Bros., kampuni ya filamu ya Marekani, na kwamba pasipoti isingetolewa mpaka kampuni hiyo itoe ruhusa. Habari zilipoenea, ofisi iliomba radhi na kueleza kwamba watumishi wake walikuwa wametumia mwongozo unaowahusu watu wanaobadili majina yao, ambao haukupaswa kumgusa mtoto aliyesajiliwa kwa jina hilo tangu kuzaliwa. Miezi michache baadaye, katika nchi hiyohiyo, wazazi wa mvulana wa miaka saba mwenye majina ya Loki Skywalker, la pili likitoka kwenye filamu za Star Wars, walielezwa kwamba jina la mtoto wao linagongana na haki za Disney. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 2014, mwanamke aliyekuwa ameongeza Skywalker katika majina yake kwa hiari alikataliwa pasipoti kwa sababu saini yake ilikuwa na jina hilo.

Matukio matatu katika ofisi moja hayawezi kutupiwa karani mmoja aliyekosea. Yanaonyesha dhana iliyoota mizizi hata miongoni mwa watu wenye elimu, kwamba kampuni ikishasajili neno basi neno lenyewe limekuwa mali yake, na kila anayetaka kulitumia, hata kwa kumwita mtoto aje mezani, hana budi kupitia kwake kwanza. Hoja yangu ni kwamba dhana hiyo haina msingi katika sheria ya alama za biashara, na kwamba ofisi ya serikali inapoitekeleza huipatia kampuni haki ambayo bunge halikuitunga na ambayo kampuni yenyewe, mara nyingi, wala haikuiomba. Swali gumu kweli lipo, lakini linakuja baadaye, pale jina la mtoto huyo linapoanza kuuza kitu.

Tuanze na kile ambacho mwenye alama anakimiliki. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaohusu haki za ubunifu na kuwafunga wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unampa mwenye alama iliyosajiliwa haki ya kuwazuia wengine wasitumie, katika shughuli za biashara, ishara inayofanana na yake kwa bidhaa au huduma zinazofanana na zake, iwapo matumizi hayo yanaweza kuwakanganya wanunuzi. Kila sharti katika maneno hayo lina uzito wake. Lazima kuwe na biashara. Lazima kuwe na bidhaa au huduma. Lazima kuwe na hatari ya mnunuzi kudhani kwamba kitu kimetoka mahali ambapo hakikutoka. Ndiyo maana anayesajili alama hasajili neno tupu. Hutaja madaraja ya bidhaa na huduma anazotaka alama hiyo izilinde, na kwa mfumo wa Nice unaotumiwa na sehemu kubwa ya dunia madaraja hayo ni 45: ya bidhaa 34 na ya huduma 11. Mtu anaweza kuyasoma yote, kuanzia kemikali za viwandani hadi huduma za kisheria, asikute daraja la watoto.

Wapo watakaosema kwamba alama mashuhuri hulindwa zaidi ya hapo, na ni kweli. Alama inayojulikana sana inaweza kulindwa hata dhidi ya bidhaa zisizofanana na zake, kwa hoja kwamba umaarufu wake unaliwa au unachafuliwa. Hata hivyo, ulinzi huo uliopanuliwa bado unazungumzia bidhaa na huduma. Mwalimu anayeita jina darasani hauzi chochote, na wala mtoto anayeitika hanunuliwi na yeyote.

Mara nyingi wanaotetea madai ya kampuni huruka hapa na kushika hakimiliki, kana kwamba haki moja ikishindwa nyingine itaziba pengo. Haizibi. Hakimiliki hulinda kazi iliyobuniwa, na mahakama zimekuwa zikikataa kulihesabu jina moja kuwa kazi. Mwaka 1981 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba neno Exxon, jina la kampuni ya mafuta, ingawa lilibuniwa kwa utafiti na gharama, halikuwa kazi ya fasihi inayostahili hakimiliki. Nchini Marekani kanuni za Ofisi ya Hakimiliki zinatamka kwamba majina, vichwa vya kazi na misemo mifupi havilindwi. Mhusika mwenyewe, akiwa amechorwa kwa kina, anaweza kulindwa: sura yake, mavazi yake, historia yake, namna anavyosema. Mzazi anayeazima jina hachukui hata kimoja kati ya hivyo. Mtoto atakuwa na sura yake mwenyewe na historia yake mwenyewe, na kwa kawaida atakuwa na ukaidi ambao hakuna mwandishi aliyeubuni.

Ipo sababu nzito zaidi ya kuziweka haki hizi mbili mbalimbali. Hakimiliki ina mwisho. Filamu fupi ya mwaka 1928 iliyomtambulisha Mickey Mouse iliingia katika mali ya umma nchini Marekani tarehe 1 Januari 2024, na toleo lile la mhusika sasa linaweza kutumiwa na mtu yeyote huko. Alama ya biashara haina mwisho wa namna hiyo, kwani huhuishwa tena na tena, kwa kawaida kila baada ya miaka 10, maadamu inatumika na ada inalipwa. Kama alama ingekuwa inampa mwenyewe umiliki wa neno katika kila matumizi, kampuni ingeweza kulishikilia neno hilo milele, jambo ambalo sheria ya hakimiliki ilikataa kumpa hata mtunzi aliyelibuni. Kwa hiyo mipaka ya alama ya biashara iliwekwa kwa makusudi. Kile ambacho alama ilipewa upande wa muda, inakilipia kwa kubanwa upande wa matumizi.

Historia ya majina nayo inaonyesha jinsi wazo la kibali lilivyo geni. Vanessa lilibuniwa na Jonathan Swift mwanzoni mwa karne ya 18 katika shairi lililochapishwa mwaka 1726. Wendy halikuwa jina la kawaida mpaka mchezo wa J. M. Barrie kuhusu Peter Pan ulipoonyeshwa London mwaka 1904. Madison lilikuwa jina la ukoo na la mtaa mpaka filamu ya vichekesho ya mwaka 1984 ilipompa nguva, na kufikia mwaka 2001 lilishika nafasi ya pili kwa umaarufu kati ya majina ya wasichana waliozaliwa Marekani. Katika nchi hiyohiyo, mwaka 2018 pekee, zaidi ya wasichana 500 walipewa jina Khaleesi. Hakuna hata mmoja kati ya wazazi hao aliyefanya jambo jipya. Jamii zimekuwa zikichukua majina kutoka kwenye hadithi tangu hadithi zilipoanza kusimuliwa. Kilichobadilika ni kwamba hadithi za siku hizi zina idara ya sheria.

Kuhusu Loki, inafaa kusema kwamba jina hilo ni la mungu mjanja wa watu wa Skandinavia, ambaye visa vyake viliandikwa Iceland katika karne ya 13. Disney inaweza kumiliki filamu kumhusu, michoro yake na fulana zake, na ikishafanya hivyo bado haijawa mmiliki wa Loki.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba, pale sheria inapozungumzia ruhusa kati ya jina la mtu na alama ya biashara, mwelekeo wa ruhusa hiyo ni kinyume cha ule uliodhaniwa na Ofisi ya Pasipoti. Sheria ya Lanham ya Marekani, ya mwaka 1946, inayosimamia alama za biashara, inakataza kusajili alama yenye jina linalomtambulisha mtu fulani aliye hai bila kibali chake cha maandishi. Mwezi Juni 2024, wiki chache tu kabla ya mkasa wa Khaleesi kujulikana, Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliuthibitisha usahihi wa katazo hilo katika kesi ya Vidal dhidi ya Elster, iliyomhusu mtu aliyetaka kusajili kaulimbiu yenye jina la Donald Trump kwa ajili ya fulana. Majaji walitofautiana katika sababu, lakini wote tisa walikubali matokeo. Anayeomba ruhusa ni mfanyabiashara, na anayeombwa ni mwenye jina.

Hilo ni jambo la haki, kwa sababu majina mengi yaliyo kwenye bidhaa yalianza kama majina ya watoto. Mercedes alikuwa binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza magari ya Daimler. Alizaliwa mwaka 1889, baba yake akayashindanisha magari kwa jina lake, na mwaka 1902 jina hilo likasajiliwa kuwa alama ya kampuni. Mwaka uliofuata Jellinek alibadili jina lake mwenyewe akajiita Jellinek-Mercedes, akajivika alama aliyokuwa ameizaa. Mwanasesere Barbie alipewa jina la Barbara, binti wa mbunifu wake Ruth Handler, mwaka 1959. Hakuna anayedhani kwamba kwa sababu hiyo wasichana wanaoitwa Mercedes au Barbara wanaishi kwa hisani ya kampuni ya magari au ya wanasesere.

Na kampuni zinapochukua majina ya watu, watu wenyewe hupata kinga ndogo sana. Mwaka 2010 familia za Ufaransa zenye ukoo wa Renault, na zenye mabinti waitwao Zoé, zilikwenda mahakamani mjini Paris kuizuia kampuni ya Renault isiliite gari lake la umeme Zoé. Walihofia kwamba mabinti hao wangetaniwa maisha yao yote. Hakimu aliwakatalia kwa kuwa hawakuthibitisha madhara ya hakika na ya moja kwa moja. Miaka michache baadaye Amazon ilikipa kisaidizi chake cha sauti jina Alexa, na wazazi katika nchi mbalimbali wakaanza kulalamika kwamba mabinti zao wanaamrishwa shuleni kama mashine. Marekani, idadi ya watoto wapya wanaopewa jina hilo ilianguka kwa kasi. Tukiweka matukio haya pamoja tunapata mizani iliyopinda: kampuni ikichukua jina la mtoto, mtoto anaambiwa avumilie kwa sababu jina si mali ya mtu, mtoto akichukua jina la kampuni, anaambiwa asubiri kibali kwa sababu jina ni mali ya kampuni. Kauli hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Hebu tuliangalie sharti lenyewe la kibali, kwa sababu upungufu wake unaonekana vizuri zaidi mtu akijaribu kulitimiza. Mzazi anaandika barua kwa kampuni. Kampuni ijibu nini? Ikisema "tunaruhusu", inakuwa imetoa leseni ya kitu ambacho hakimo katika usajili wake. Leseni ya alama ya biashara huwa na muda, masharti na namna ya kuvunjwa; je, kampuni ikiibatilisha mtoto akiwa na miaka 12, arudi shuleni akiwa hana jina? Isitoshe, katika sheria ya Marekani, mwenye alama anayetoa leseni anatakiwa kusimamia ubora wa kile kinachoitwa kwa alama hiyo, na akiuachia ovyo anaweza kuipoteza alama yenyewe. Ningependa kumwona mwanasheria atakayeandika ripoti ya ukaguzi wa ubora wa mtoto. Ikisema "haturuhusu", inakuwa imejitwalia mamlaka ya msajili wa vizazi. Iliyo makini haitajibu kabisa, na kwa kuwa ofisi ya serikali imeegemeza uamuzi wake kwenye jibu hilo, ukimya wa kampuni unageuka kuwa katazo la serikali.

Wengine huhofia kwamba kampuni isipozuia majina kama haya itaipoteza alama yake, kama kampuni ya dawa ya Bayer ilivyopoteza neno aspirin nchini Marekani mwaka 1921, au kama neno escalator, yaani ngazi ya umeme, lilivyoacha kuwa alama mwaka 1950. Hofu hiyo imekosea mahali. Alama hupotea namna hiyo pale wanunuzi wanapoanza kuitumia kama jina la aina ya bidhaa yenyewe, bila kujali nani kaitengeneza. Hata wasichana 10,000 wenye jina la malkia wa kubuni hawawezi kuligeuza jina hilo kuwa neno la kawaida la aina fulani ya bidhaa. Kampuni zenyewe zinalijua hilo. Mwaka 2011 Bethesda, watengenezaji wa michezo ya kompyuta, waliahidi michezo yao yote, ya wakati huo na ya baadaye, kwa wazazi ambao mtoto wao angezaliwa tarehe 11 Novemba, siku mchezo wao mpya ulipotoka, na kupewa jina la shujaa wake, Dovahkiin. Familia moja ya Marekani ilitimiza masharti na ikapewa zawadi. Nina mashaka na busara ya kumfanya mtoto mchanga kuwa tangazo, lakini kwa hoja iliyo mbele yetu mfano huo unatosha: mwenye haki alilihesabu jina la mtoto kuwa faida kwake.

Basi kwa nini ofisi za umma zinakosea? Nadhani jibu liko katika namna zinavyofanya kazi. Hifadhidata za alama za biashara hutafutwa kwa neno. Ukiandika neno, yanatokea majina ya kampuni na namba za usajili, na kwa mtu asiyefundishwa orodha hiyo inafanana na hatimiliki ya kiwanja. Karani anayekataa hagharimiki chochote, ilhali anayekubali jina na baadaye kukatokea malalamiko anaweza kuulizwa. Mwongozo wa ndani uliotungwa kwa ajili ya watu wazima wanaobadili majina kwa mzaha au kwa kutafuta matangazo, ambao kwa Uingereza unaitaja alama ya biashara miongoni mwa sababu za kukataa, unabebwa na kupachikwa kwa mtoto ambaye cheti chake cha kuzaliwa kilishatolewa na serikali ileile. Na hata kwa mtu mzima anayebadili jina, sababu hiyo haisimami. Ofisi inaweza kuwa na haki ya kumkatalia anayejificha kwa jina bandia, au anayetaka tusi liandikwe kwenye pasipoti. Haina kazi ya kulinda soko la vitu vya kuchezea.

Serikali hazikosi njia ya kukataa jina baya. Mwaka 2014 mahakama ya Valenciennes, Ufaransa, iliwakatalia wazazi waliomwita binti yao Nutella, na akaitwa Ella. Wengi waliisoma hukumu hiyo kama ushindi wa kampuni ya chokoleti, wakati hakimu alijali kitu kingine: kwamba jina la kitu cha kupaka mkate lingemletea mtoto dhihaka, na hivyo lilikuwa kinyume na maslahi yake. Mwaka huohuo jimbo la Sonora nchini Mexico lilitoa orodha ya majina 61 yaliyopigwa marufuku, yakiwemo Facebook, Batman, Terminator na Hermione, kwa kusudi la kuwakinga watoto na uonevu. Mimi si shabiki wa orodha za namna hiyo. Hermione ni jina linalotoka kwenye hadithi za mashujaa wa Ugiriki ya kale, na Shakespeare alimpa malkia katika mojawapo ya tamthilia zake, na inashangaza kulikuta likiwa jirani na Terminator. Afadhali hakimu anayemtazama mtoto mmoja kuliko orodha inayowatazama wote. Hata hivyo, Sonora na Valenciennes ziliuliza swali sahihi, yaani jina hili litamfanyia nini mtoto. Ofisi iliyouliza jina hili litaifanyia nini Warner Bros. iliuliza swali lisilo lake.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unalikazia hilo. Ibara ya 7 inampa mtoto haki ya kuandikishwa mara tu baada ya kuzaliwa na haki ya kuwa na jina tangu kuzaliwa. Ibara ya 8 inazitaka nchi ziheshimu haki yake ya kuhifadhi utambulisho wake, jina likitajwa waziwazi, na kumsaidia kuurejesha haraka anaponyang'anywa kinyume cha sheria. Pasipoti inayozuiwa kwa sababu ya jina ni utambulisho uliozuiwa, hata kama ni kwa wiki mbili.

Sasa tuje kwenye swali gumu. Mtoto huyu atakua. Huenda akafungua saluni, akatoa muziki, akaandika vitabu au kuuza nguo, na atataka kuweka jina lake mlangoni. Hapo ndipo anapoingia katika biashara, na mwenye alama anapata nafasi halali ya kusikilizwa. Sheria ina kinga inayoitwa kinga ya jina binafsi. Sheria ya Alama za Biashara ya Uingereza ya mwaka 1994 na Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017 zinamruhusu mtu binafsi kutumia jina lake katika biashara, ilimradi afanye hivyo kwa uaminifu unaokubalika katika biashara. Marekani ni finyu zaidi: mtu anaweza kutumia jina lake katika shughuli yake kwa nia njema kueleza kinachouzwa, mradi asilitumie kama alama.

Kinga hizo ziliandikwa zikimfikiria mtu ambaye ukoo wake umetokea kufanana na kampuni kubwa. Mtoto aliyepewa jina la mhusika yuko katika hali tofauti, kwa sababu kufanana kwake hakukutokea kwa bahati. Wazazi wake walilichagua jina hilo wakijua lilikotoka. Je, hilo linaharibu uaminifu wake? Naona haliharibu. Nia njema inayopimwa ni ya mfanyabiashara mwenyewe siku anapotumia jina, na yeye hakushauriwa alipokuwa na siku tatu. Kinachopaswa kutazamwa ni namna anavyolitumia. Mwanamke aitwaye Khaleesi anayeandika jina lake na la ukoo juu ya mlango wa saluni anajitambulisha. Akiongeza picha ya joka, maandishi yanayoiga yale ya tamthilia, na nywele za rangi ya fedha kwenye bango, anauza umaarufu wa mtu mwingine, na jina kwenye cheti chake halimkingi. Ugumu utakuja pale atakapotaka kutumia jina la kwanza peke yake, kwani ndilo hilo hasa linalofanana. Ningependa mahakama zitamke kwamba jina la kwanza lililoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa ni jina binafsi kamili kwa ajili ya kinga hii, na mizozo ibaki kwenye mapambo yanayolizunguka.

Hata akiwa na kinga, asidhani anayo haki ya kulisajili jina lake. Kutumia ni jambo moja, kusajili ni jingine. Lionel Messi aliomba kusajili ukoo wake kwa mavazi ya michezo Ulaya mwaka 2011, akapingwa na wenye alama ya MASSI, na hakumaliza mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipompa ushindi mwezi Septemba 2020. Umaarufu wake ndio uliomwokoa, maana mahakama ilikubali kwamba wanunuzi wangemtambua. Kylie Jenner alipoomba neno Kylie nchini Marekani alipingwa na kampuni ya mwimbaji Kylie Minogue, mpaka upinzani huo ulipoondolewa mwaka 2017. Elizabeth Emanuel, mmoja wa wabunifu wa gauni la harusi la Diana mwaka 1981, aliiona alama ya jina lake ikihamia kwa wengine pamoja na biashara, na mwaka 2006 mahakama ileile ya Ulaya ilikataa kwamba kutokuwepo kwake peke yake kuliifanya alama hiyo kuwa ya udanganyifu. Ikiwa mtu aliyeibeba sifa ya jina kwa mikono yake anaweza kulipoteza sokoni, aliyepewa jina la malkia wa kubuni hana sababu ya kutarajia makubwa zaidi.

Katika intaneti mambo yamechanganyika zaidi. Utaratibu wa kimataifa wa kusuluhisha mizozo ya majina ya tovuti, uliopitishwa mwaka 1999, unakubali kwamba mtu anayejulikana kwa jina fulani ana maslahi halali katika anwani yenye jina hilo, hata kama hana alama iliyosajiliwa. Hilo ni zuri. Akaunti za mitandao ya kijamii hazina utaratibu wa wazi kama huo. Malalamiko ya mwenye alama huamuliwa na mtandao wenyewe, kwa fomu, na anayelalamikiwa anaweza kuwa na miaka 16.

Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, anayeendesha akaunti ya mtoto huwa ni mzazi. Mzazi anapojaza ukurasa kwa picha za binti yake, akapokea fedha za matangazo na kuuza fulana zenye jina lake, matumizi ya kibiashara yameshaanza, na aliyeyaanza si mwenye jina. Kinga ya jina binafsi inamlinda mtu anayetumia jina lake mwenyewe. Jina la mwanao si lako. Beyoncé na Jay-Z waliomba kusajili jina la binti yao, Blue Ivy Carter, muda mfupi baada ya kuzaliwa kwake mwaka 2012, wakaomba tena mwaka 2016, kisha wakapingwa na mwanamke aliyekuwa ameanza kulitumia Blue Ivy katika biashara ya kuandaa hafla tangu 2009, na pingamizi hilo likatupwa mwaka 2020. Wazazi hao walibuni jina lao wenyewe na walikuwa na wanasheria. Mzazi wa kawaida aliyeazima jina la mhusika na kulifanyia biashara atakapolalamikiwa, atasema anamtetea mtoto, na kampuni itasema inamshitaki mfanyabiashara. Hakimu atakayeletewa kesi hiyo atalazimika kumtenganisha msichana anayeitwa jina lake na mtu mzima anayeliuza, akitumia vifungu vilivyoandikwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye duka lake.